DDR1 kwenye saratani: tunapiga kinasi wakati kazi inafanyika nje ya seli?

#1 Ngalawa
Wakuu, salaam. Naweka hoja mezani, mniponde kwa data.

DDR1 ni kipokezi cha kolajeni (protini ya nyuzi inayoshikilia tishu) kilichochomekwa kwenye utando wa seli za epithelia. Kichwa kiko nje kinashika kolajeni, mkia uko ndani na ndio tirosini kinasi, yaani kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye protini ili kupeleka ishara. Tangu 1997 ilipojulikana kuwa kinachokiamsha ni kolajeni, wanakemia wamekazana na vizuizi vya mkia tu: DDR1-IN-1 ya 2013, IC50 (kiasi kinachozima nusu ya kazi) nanomola 105, 7rh ya mwaka huohuo, nanomola 6.8, na ndugu zao wengi. Dawa iliyoidhinishwa kwa ajili ya DDR1 yenyewe: sifuri.

Halafu 2021 kundi la Rong Li pale Chuo Kikuu cha George Washington likachapisha kwenye Nature kazi ya saratani ya matiti ya hasi tatu (isiyo na vipokezi vya estrojeni, projesteroni wala HER2). Uvimbe wa panya ulioondolewa Ddr1 ulikua vizuri tu kwenye panya wasio na kinga, lakini kwenye panya wenye kinga kamili ulikataliwa. Wakarudisha DDR1 yenye kinasi iliyouawa: kinga ikafungiwa nje tena. Wakarudisha kichwa cha nje peke yake: vilevile. Maana yake kichwa ndicho kinachonyoosha na kupanga nyuzi za kolajeni kuwa ukuta, seli T (askari wa kinga) zinabaki pembeni.

Sasa niambieni, vizuizi vya kinasi ni vya nini? Si twende moja kwa moja na kingamwili ya kushika kichwa?

#2 MwanaKemia
Ngalawa umeanza na moto. Hasi tatu kwenye panya si saratani zote. Kongosho: 7rh iliwahi kujaribiwa kwenye panya wa saratani hiyo (kundi la Brekken, 2017), ikapunguza ishara za ndani na ikafanya dawa za kemo zifanye kazi vizuri zaidi. Utumbo mpana: nilotinib ilipunguza uvamizi wa seli kupitia DDR1 (2018). Hapo kinasi ina kazi yake. Kipokezi kimoja kinaweza kuwa na ajira mbili.

#3 Kongoro255
Nimeweka kambi hapa na kiti changu. Endeleeni.

#4 MamaPipeti
Kabla hamjafika mbali, tukubaliane kwanza tunapima nini, maana nusu ya ubishi wa DDR1 unatoka kwenye bomba la sampuli. Kipokezi hiki si kama EGFR (kipokezi kingine chenye kinasi). EGFR ukiipa kichocheo inawaka ndani ya dakika. DDR1 inakokota miguu: ishara inapanda taratibu na inaweza kubaki juu hadi saa 18. Anayepima dakika 10 halafu anaandika "hakuna mwitikio" amepima subira yake mwenyewe.

Utaratibu unaofanya kazi: seli za HEK293 (za figo ya binadamu) zilizowekewa DDR1b (toleo mojawapo la DDR1), saa 24 baadaye ondoa seramu, ziache usiku mzima. Kolajeni ya aina ya I ya mkia wa panya, mikrogramu 10 kwa mililita, dakika 90 kama kiwango cha chini. Yeyusha seli kwenye bafa yenye ortovanadeti ya sodiamu milimola 1 (inazuia fosfatasi, vimeng'enya vinavyobandua fosfeti). Kwenye western blot (protini zikitenganishwa kwa ukubwa), bandi ya DDR1 nzima iko karibu na kilodaltoni 125. Ukiona nyingine karibu na 62, huo ni mkia uliobaki baada ya kichwa kukatwa.

Na tafadhali, kidhibiti si chombo kitupu. Kolajeni huja ndani ya asidi ya asetiki milimola 20, kwa hiyo kidhibiti ni ujazo uleule wa asidi hiyo bila kolajeni.

#5 Mzee_wa_Bafa
Naongezea kwa MamaPipeti #4. Watu wanachanganya vanadeti na EDTA (kemikali inayoshika ioni za metali) kwenye bafa moja kisha wanalia bandi ya fosfeti imefifia. EDTA inaishika vanadeti, fosfatasi zinabaki huru, zinakula fosfeti yako wakati wewe unatafuta rafu ya kuwekea mirija. DTT nayo inaiharibu. Vanadeti ichemshwe kwenye pH 10 hadi rangi ya njano ipotee, iwe maji safi, ndiyo iingie kazini. Ikiwa bado ya njano, nyingi imejikusanya kwenye vishada na haizuii chochote.

#6 Slaidi_Nyekundu
Kidhibiti cha pili ambacho hakijatajwa: chukua kolajeni ileile, ipashe nyuzi 60 kwa dakika 30. Inakuwa gelatini. DDR1 hainyanyui hata kope kwa gelatini, inataka msokoto wa nyuzi tatu uliokamilika. Kama sampuli yako iliyopashwa nayo inawasha bandi, basi unachokiona si DDR1 ikishika kolajeni. Tafuta uchafu.

#7 Kongoro255
Hapo #6 mmenigusa. Kwa hiyo supu ya kongoro niliyokunywa leo asubuhi haimwamshi huyu DDR1? Maana kuna kaka mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp anawatisha wagonjwa wasiguse supu.

#8 Slaidi_Nyekundu
😂 Kongoro ukilichemsha kwa muda wa saa nne, kolajeni yote imeshafumuka kuwa gelatini, ndiyo maana supu inaganda ikipoa. Ikifika tumboni inakatwakatwa kuwa asidi amino na vipande vifupi. Hakuna msokoto wa nyuzi tatu unaotoka kwenye bakuli kwenda kwenye uvimbe. Kolajeni ya uvimbe inatengenezwa palepale na fibroblasti. Mwambie kaka yako aache watu wanywe.

#9 Dokta_Zamu
Turudi kwenye mada. Ngalawa, hujaigusa kazi nyingine ya Nature, ya 2022, kundi la Karin, California. Hiyo inavuruga hata #6. Wanasema kwenye saratani ya kongosho kolajeni nzima inaifanya DDR1 iharibiwe, na uvimbe unadumaa. Kolajeni iliyokatwa na vimeng'enya vya MMP (mikasi ya protini za nje ya seli) ndiyo inayoiwasha DDR1, inapitia NF-κB hadi NRF2 (protini zinazowasha jeni), na seli ya saratani inapata mitokondria zaidi na nguvu za kukua. Panya wenye kolajeni isiyokatika walikuwa na uvimbe mdogo. Sasa nani mkweli: "inataka kolajeni nzima" au "inataka iliyokatwa"?

#10 MamaPipeti
Ndiyo fumbo lenyewe hilo, na jibu la "wote wawili" ni la kivivu. Tuangalie ramani. MMP za kolajeni hukata mahali pamoja, kati ya glisini 775 na aisolusini 776, zinabaki robo tatu na robo. Alama ambayo DDR1 inaishika, GVMGFO (O ni haidroksiprolini), iko karibu na nafasi ya 400. Kwa hiyo iko ndani ya kipande cha robo tatu. Sawa. Lakini kipande hicho kwenye nyuzi 37 huanza kufumuka, kwa sababu kikishakatwa joto lake la kuyeyukia linashuka chini ya joto la mwili. Kikifumuka ni gelatini. Na gelatini haiwashi.

#11 Ngalawa
Kwa hiyo Karin amekosea?

#12 MamaPipeti
Sijasema hivyo, usinipe kesi. Uwezekano ninaouona: (a) vipande vinabaki vimefungwa ndani ya unyuzi mkubwa, majirani wanavishikilia visifumuke mara moja, (b) kukatwa kunafungua alama iliyokuwa imefichwa ndani ya unyuzi, DDR1 inaipata kabla haijafumuka, (c) kinachowashwa si DDR1 moja kwa moja bali kipokezi jirani, DDR1 inaburutwa. Kolajeni ya majimaji tunayomwaga kwenye sahani si unyuzi. Ni molekuli mojamoja, alama zote ziko wazi.

#13 Mzee_wa_Bafa
Na ndiyo maana mtu akisema "niliweka kolajeni" nauliza: majimaji, jeli au iliyopakwa? Jeli: weka vitu vyote kwenye barafu, changanya kolajeni na PBS (bafa ya chumvi) ya nguvu mara 10, sawazisha kwa NaOH kidogokidogo hadi fenoli nyekundu (rangi ya kuonyesha pH) itoke njano ifike waridi, mimina, nyuzi 37 kwa dakika 30 hadi 60. Ukichelewa kuitoa kwenye barafu au mkono wako ukawa wa moto, inaganda ndani ya pipeti kabla ya sahani, unapata jeli yenye mabonge na matundu. Na usiigandishe kolajeni ya asidi kwenye friza. Inakaa nyuzi 4.

#14 Kipimajoto
(c) ya #12 ina mshukiwa anayejulikana: integrini α2β1, kipokezi kingine cha kolajeni. Wote wawili wanakaa kwenye seli ileile, wote wanashika kolajeni ileile. Kuwatenganisha si kazi ngumu. Integrini inashika GFOGER na inahitaji magnesiamu, DDR1 inashika GVMGFO na haihitaji ioni yoyote. Kwa hiyo kwenye jaribio la kushikana juu ya sahani, tia EDTA: integrini inaachia, DDR1 inabaki. Usifanye hivyo kwa seli hai zilizoshika sahani, zitang'oka zote na utapima mafuriko. Kwa seli hai tumia peptidi za msokoto wa nyuzi tatu, moja yenye GFOGER na nyingine yenye GVMGFO, au kingamwili inayofunga β1. Tangu zamani imeonekana β1 ikifungwa DDR1 inaendelea kuwaka.

Na wanaopenda kupiga vipokezi vya kolajeni kwa dawa wakumbuke E7820. Iliingia majaribio ya wagonjwa kwa jina la dawa inayopunguza integrini α2. Baadaye, 2017, ikagundulika inachofanya hasa ni kumgandisha RBM39 kwenye DCAF15 (sehemu ya mashine ya seli ya kuharibu protini) ili aharibiwe, na RBM39 anahusika na ukataji na uungaji wa RNA. Alfa-2 ilikuwa inashuka kama majeruhi wa pembeni.

#15 Dokta_Zamu
Mfano huo wa #14 ni mzuri kuliko hotuba. Ngoja niongeze wa DDR2, ndugu yake. 2011 ilionekana mabadiliko ya jeni ya DDR2 kwenye saratani ya pafu ya skwamasi, karibu asilimia 4 ya sampuli. Dasatinib, dawa ya leukemia, inazuia DDR2, watu wakachangamka. Jaribio la awamu ya 2 la dasatinib kwa wagonjwa wa pafu la skwamasi likasimamishwa likiwa na wagonjwa 5 tu, kwa madhara: maji kwenye utando wa pafu, kukosa pumzi. Fikiria, unampa mwenye saratani ya pafu dawa inayojaza maji kifuani.

#16 MwanaKemia
Nakubali, ila kosa hapo ni la dasatinib, si la lengo. Dasatinib inapiga kinasi nyingi mno. Hata imatinib inapiga DDR1, na watu wengi wanaotumia imatinib kwa leukemia hawajui kuwa kipokezi chao cha kolajeni nacho kimefungwa nusu. Hesabu: kiwango cha chini cha imatinib kwenye damu ni takribani mikrogramu 1 kwa mililita, sawa na mikromola 2. Lakini asilimia 95 hivi imeshikwa na protini za damu. Inayobaki huru ni kama nanomola 100. Kwa kuzuia DDR1 ndani ya seli iliyozungukwa na kolajeni ya kutosha, hiyo ni kidogo. Anayesema "imatinib imeshajaribiwa, DDR1 imeshindwa" hajapiga hesabu hii.

#17 Ngalawa
Mkuu, na zile za akili mnemba? Kampuni ya Insilico Medicine, 2019, walitangaza wamebuni vizuizi vya DDR1 kwa siku 21.

#18 MwanaKemia
Siku 21 za kubuni, siku 46 hadi majaribio ya kwanza. Walitengeneza molekuli 6. 4 zikafanya kazi kwenye kimeng'enya, 2 kwenye seli, 1 ikaingia kwa panya kuangalia inakaaje mwilini. Bora kabisa nanomola 10. Kisha wakosoaji wakaiweka ile bora pembeni ya ponatinib, dawa iliyokuwepo tayari na iliyojulikana kuzuia DDR1. Zinafanana kama pacha. Ni kazi nzuri ya kasi, lakini tusiite ugunduzi wa lengo. Na bado ni mkia, kwa hiyo hoja yako #1 haijaguswa.

#19 Slaidi_Nyekundu
Mimi nina tatizo na neno "ukuta" la #1. Nyuzi zilizopangana zikizunguka uvimbe kama pete ni ukuta, kweli. Lakini nyuzi zilizopangana zikitoka nje kwa pembe mraba ni barabara, seli za saratani zinatembea juu yake kwenda zao. Kwenye picha zote zinaitwa "zimepangana". Anayeripoti kiwango cha kupangana bila pembe ya nyuzi dhidi ya ukingo wa uvimbe hajaripoti kitu.

Na wanaotumia pikrosirasi nyekundu (rangi ya kupaka kolajeni): bila mwanga wa polaraizi inakupa wingi wa kolajeni tu, si mpangilio. Ukiweka polaraizi, rangi ya kijani au chungwa inategemea unene wa unyuzi na unene wa kipande. Si kipimo cha aina ya I dhidi ya III kama vitabu vingine vinavyoandika. Kata mikroni 5 leo na 8 kesho, utapata "matokeo mapya". Zungusha slaidi pia, unyuzi uliolala sambamba na polaraiza unapotea gizani.

#20 Binti_Kizimkazi
Habari zenu. Mnajadili ukuta kama vile seli T zinashindwa kupita tu. Zinaweza kupita na bado zikanyamazishwa. Seli T zina kipokezi chao cha kolajeni, LAIR-1, kina mkia unaoita SHP-1 (fosfatasi) na kuzima ishara. 2020 ilionyeshwa kwenye saratani ya pafu kuwa kolajeni nyingi inachosha seli T za CD8 (zile za kuua) kupitia LAIR-1, na dawa za PD-1 (zinazoachia breki ya kinga) zinagonga mwamba. Kwa hiyo ukiondoa DDR1 na kinga ikaingia, huenda hujabomoa ukuta, umepunguza kolajeni inayoizima. Kampuni ya NextCure walijenga NC410 kwa wazo hilo: ni LAIR-2, ndugu wa LAIR-1 anayeelea bila mkia, ameunganishwa na Fc (shina la kingamwili) ili ashike kolajeni kwanza na LAIR-1 ikose pa kukaa.

#21 Ngalawa
Binti karibu, na asante. Lakini kwenye #1 kichwa cha DDR1 peke yake kilirudisha hali ya zamani. LAIR-1 ingeelezaje hilo?

#22 Binti_Kizimkazi
Kichwa kinabadilisha mpangilio wa unyuzi, na mpangilio unabadilisha alama ngapi ziko wazi kwa LAIR-1. Sijasema nimeshinda. Nasema jaribio la kutenganisha hizo mbili ni rahisi kulitaja: ondoa Ddr1 kwenye uvimbe, ondoa Lair1 kwenye panya, kisha zote mbili. Kama athari hazijumlishiki, njia ni moja.

#23 Dokta_Zamu
Na mtu aitaje ile kazi inayokera pande zote: 2018, maabara ya Weaver. Waliondoa Ddr1 kwa panya wanaopata saratani ya matiti wenyewe, aina ya MMTV-PyMT. Badala ya kupona, uvimbe ukawa mkali zaidi: makovu, ukosefu wa oksijeni, seli zikageuka za basali. Kinyume kabisa cha #1.

#24 Kongoro255
Kwa hiyo DDR1 ukiiacha unakufa, ukiitoa unakufa. Hata ndoa haina masharti haya.

#25 MamaPipeti
Kongoro 😂. Tofauti zipo, #23: kwenye ile ya 2018 kipokezi hakikuwepo tangu panya anazaliwa, na titi la panya asiye na Ddr1 halikui sawasawa hata bila saratani, mama hawanyonyeshi vizuri. Kwenye 2021 kiliondolewa kwenye seli za uvimbe tu kisha zikapandikizwa. Moja ni nyumba iliyojengwa bila msingi, nyingine ni kung'oa mlango wa nyumba iliyokamilika. Dawa inafanana na ya pili. Lakini ni onyo kwa anayetaka kumpa mgonjwa dawa hiyo miaka mingi.

#26 Kipimajoto
Turudi kwenye kingamwili basi, maana Ngalawa anaziuza kama tiba ya mkato. Kingamwili za DDR1 si kitu kimoja. 2012 walipata muundo wa DDR1 ikiwa na kingamwili 3E3: haikai kwenye domeni ya diskoidini inayoshika kolajeni, inakaa kwenye domeni ya jirani inayofanana nayo. Matokeo: kolajeni bado inashikwa, ishara ya ndani inazimika. Sasa kama nadharia ya #1 ni sahihi, kingamwili ya namna hiyo ingezima kinasi na kuacha ukuta umesimama. Hiyo ni kizuizi cha kinasi kilichovaa koti la kingamwili.

#27 Ngalawa
Hapo umenipata. Ila kingamwili PRTH-101, iliyotoka kwenye kazi ya 2021 na kuingia awamu ya 1 peke yake na pamoja na pembrolizumab (dawa ya PD-1), ilichaguliwa kwa kuvunja mpangilio wa kolajeni, si kwa kuzima kinasi tu.

#28 Kipimajoto
Ndiyo, kwa hiyo swali la kuuliza kila kingamwili mpya: umeionyesha inavunja mpangilio kwenye jeli, au umeonyesha bandi ya fosfeti imepotea? Bandi haitoshi.

#29 Slaidi_Nyekundu
Na mgonjwa anachaguliwaje? Kichwa hukatwa na kimeng'enya ADAM10 na kuelea. Ukipaka slaidi kwa kingamwili inayotambua mkia, unaona kahawia nzuri, unaandika "DDR1 ipo", kumbe kichwa ambacho dawa inakitafuta kimeshaondoka. Kwa dawa ya kichwa, paka kwa kingamwili ya kichwa. Fomalini isizidi saa 72, na jaribu pH mbili za kurudisha antijeni, 6 na 9, kabla hujasema hasi.

#30 Mzee_wa_Bafa
Kichwa kilichokatwa kikiwa kinaelea, si ndicho kilekile kilichorudisha ukuta kwenye #1? Basi ADAM10 anajenga au anabomoa?

#31 MamaPipeti
Swali zuri, na ndilo linaloniweka macho. Kilichokatwa kinaweza kubaki kimeshika unyuzi na kuendelea kuupanga, au kikainyima DDR1 nzima nafasi ya kushika. Inategemea wingi. Halafu kuna njia ya tatu isiyotaka kinasi kabisa: maabara ya Massagué, 2016, DDR1 ikishikana na TM4SF1 (protini ya utando) inapeleka ishara kupitia PKCα hadi JAK2 na STAT3 (protini za kupokezana ishara), na seli za saratani zilizolala kwenye pafu au mfupa zinaamka. 7rh haina la kufanya hapo.

#32 MwanaKemia
Kwa hiyo mkia una kazi, kichwa kina kazi, na katikati napo kuna kazi. Kiharibu-protini kinachofuta DDR1 yote ndicho kingetatua, mtu atafute kishikizo kwenye kinasi akiunganishe na E3 (kimeng'enya kinachoweka protini alama ya kuharibiwa).

#33 Dokta_Zamu
Ukifuta yote unarudi #23.

#34 Kipimajoto
Sahihisho dogo kabla watu hawajaagiza plasmidi (duara la DNA la kubebea jeni) kwa ajili ya jaribio la kinasi iliyouawa. K618A (lisini ya 618 igeuzwe alanini ili kinasi ife) ni namba ya DDR1a, yenye asidi amino 876. DDR1b ina nyongeza ya 37, jumla 913, kwa hiyo lisini ileile ni K655. Ukibadilisha 618 kwenye b umegusa asidi amino nyingine, kinasi inaendelea kufanya kazi, na utaandika kuwa "kinasi iliyouawa" inafanya kazi sawa na nzima. Kwa kushika kolajeni vunja R105A, kichwa hakina nyongeza hiyo kwa hiyo namba haibadiliki kati ya a na b.

#35 Ngalawa
Asante Kipimajoto, plasmidi yangu imeandikwa K618A na lebo inasema "b". Naenda kuisoma mfuatano wake.